Mtaka cha mvunguni: jinsi nilivyojifunza kuusikiliza "Mbube" na kava zake

Kwa miaka mingi niliamini kwamba naujua wimbo wa "Mbube". Nadhani wengi tunaamini hivyo. Mtajie mtu yeyote ule wimbo wa simba aliyelala, "The Lion Sleeps Tonight" kwa Kiingereza, ataupiga mluzi papo hapo bila kukosea. Mimi pia niliupiga mluzi, niliuimba bafuni, na kwenye simu nilikuwa nimehifadhi kava zake 11, yaani matoleo ya wimbo huohuo yaliyoimbwa na watu mbalimbali. Kisha kikundi chetu cha kuimba kikaamua kuuimba, mwalimu akanipanga kwenye besi, sauti ya chini kabisa, na kabla dakika tano hazijaisha ikabainika kwamba sijui kitu. Nilikuwa nalijua paa tu; ndani ya nyumba sikuwahi kuingia.

Mazoezi yale yalikuwa aibu tupu. Tulikuwa watu 12 na sote tulikuja na sauti ileile ya juu, ile ya mluzi. Mwalimu akauliza, "Besi wanaimba nini?" Kimya. Mmoja wetu akajitutumua: "Wanaimba wimowe, wimowe." "Haya, kwa noti zipi?" Kimya tena. Mtu unaweza kuupenda wimbo miaka 20 usijue umesimama juu ya nini. Mwalimu akafunga daftari, akatuambia turudi wiki ijayo, kila mmoja akiwa na sauti yake kichwani na si ya jirani.

Nikaenda nyumbani na hasira za mwanafunzi aliyefeli somo analolipenda. Nikasema nitaanza na toleo la kwanza kabisa, lile la mwaka 1939, na nikalipata. Sitakuficha, lilinikatisha tamaa. Kulikuwa na mikwaruzo ya santuri, wanaume wananguruma chini, na mmoja analia juu yao kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya bonde. Nikasubiri ule wimbo wangu uanze. Hauanzi. Nikasogeza mbele kidogo. Hauanzi. Nikasogeza tena, nikafika mwisho, nikazima nikijiambia kwamba wale wa baadaye ndio walioutengeneza. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ndilo linalonifanya niandike haya.

Kabla ya ushauri, hebu nikuambie ulikotoka. Aliyeutunga ni Solomon Linda, Mzulu aliyezaliwa mwaka 1909 huko Msinga, Natal, Afrika Kusini. Utotoni alichunga ng'ombe, na simba walikuwa sehemu ya hofu na hadithi za wachungaji. Akahamia Johannesburg kutafuta kazi kama vijana wengi wa wakati wake, na huko akaongoza kikundi kilichoitwa Evening Birds. Walikuwa watanashati wa kweli: suti za mistari, kofia za duara, viatu vya rangi mbili. Mwaka 1939 waliingia studio ya Gallo. Mwandishi Rian Malan, aliyeifuatilia habari hii kwa kina katika makala yake ya mwaka 2000, anasimulia kwamba mara ya kwanza ya kurekodi haikufaa, na ya pili haikufaa. Ndipo msimamizi, Griffiths Motsieloa, akawavuta ndani mpiga piano, mpiga gitaa na mpiga banjo, wakajaribu mara ya tatu. Mara hiyo ya tatu, wimbo ukikaribia kuisha, Linda alipandisha sauti na kutoa mstari ambao hakuwa ameupanga. Noti chache tu. Noti hizo ndizo dunia nzima inazozipiga mluzi.

Kwa hiyo mimi niliyekuwa nasogeza mbele niliuruka. Ulikuwa pale, karibu na mwisho, nami nikaupita kwa kidole.

Sasa tazama jinsi sauti zilivyogawanywa. Evening Birds walikuwa sita. Linda alikuwa juu peke yake. Gilbert Madondo aliimba sauti ya pili. Boy Sibiya aliimba sauti ya tatu, iitwayo tena. Waliobaki watatu, Gideon Mkhize, Samuel Mlangeni na Owen Sikhakhane, wote walikuwa besi. Nusu ya kikundi! Hilo halikuwa jambo la bahati. Kuwarundika besi namna ile ndio ulikuwa upya wa Linda, na vikundi vilivyomfuata vikaiga hadi mtindo wote ukaitwa mbube, kwa jina la wimbo. Sisi tulioujua kupitia redio na filamu tukapewa paa bila nguzo.

Ushauri wangu wa kwanza, na kama una haraka unaweza kubaki na huu tu: unapokutana na wimbo wenye sauti nyingi, usianze na sauti unayoipenda. Anza na ya chini kabisa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa hamoni kuinama huku si mfano tu. Utajikuta kweli umeinamisha kichwa, umefumba macho, unatafuta mngurumo unaojificha chini ya mikwaruzo. Usitumie spika ya simu. Besi wa binadamu hushuka hadi karibu na mitetemo 80 kwa sekunde, na kile kispika kidogo hakina kifua cha kutoa sauti ya chini kiasi hicho. Kitakupa kivuli chake tu. Vaa hedifoni, au unganisha na spika yenye ukubwa wa kueleweka. Kisha nguruma pamoja nao mdomo ukiwa umefumbwa. Ukipotea, na utapotea, usirudishe nyuma. Subiri mzunguko uje tena.

Utakuja, maana wimbo huu unazunguka. Anayejua do re mi hahitaji zaidi ya dakika kuuona mzunguko wenyewe: unaanzia nyumbani kwenye do, unakwenda fa, unarudi kwenye sauti za do, unasimama kwenye so, na so inakusukuma urudi nyumbani. Vituo vinne, basi. Kila kava unayoijua, ya bendi, ya kwaya, ya disko, inapita humo humo. Nilipougundua mzunguko huo nilikasirika kidogo, maana nilitegemea siri kubwa zaidi. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba siri iko kwenye kile kinachofanywa na sauti za katikati wakati besi wanatembea.

Hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu sehemu hii ndiyo iliyonibadilisha sikio. Katika kikundi chetu sauti ya pili ilipangiwa mstari ambao dada mmoja aliulalamikia waziwazi: "Mwalimu, mimi naimba noti mbili tu. Nimekuja kuimba au kulinda mlango?" Ni kweli. Besi wakiwa do, yeye yuko do ya juu. Besi wakienda fa, yeye bado yuko do. Wakirudi, yuko palepale. Wakifika so, anashuka nusu hatua tu hadi ti, kisha anarudi. Mwalimu hakumjibu. Alimwambia anyamaze mzunguko mmoja, sisi wengine tuendelee. Tukaimba. Jamani! Ilikuwa kama mtu amechomoa msumari mmoja kwenye meza na miguu yote imeanza kucheza. Noti yake haikubadilika, lakini maana yake ilikuwa ikibadilika kila besi walipohama: mara ni msingi, mara ni noti ya tano juu ya fa, na ile hatua yake ndogo ya kushuka ti ndiyo iliyokuwa ikitutia hamu ya kurudi nyumbani. Dada yule hakulalamika tena. Alianza hata kuringa.

Kwa hiyo ukimaliza na besi, mtafute yule asiyesogea. Katika wimbo mzuri wa sauti nyingi karibu kila mara yupo mmoja. Ni vigumu kumsikia kwa sababu hafanyi vituko. Njia yangu ni kuiimba noti yake mimi mwenyewe kwa sauti ya chini huku wimbo ukicheza, nikiishikilia bila kuiacha. Inapogongana na wengine, yaani inapouma sikio, hapo najua yeye amehama nami nimebaki. Sasa namjua.

Ukishafanya hivyo ndipo kava zinaanza kukuambia kitu. Kabla ya hapo utakuwa unalinganisha nani ana koo tamu, mazungumzo yasiyo na mwisho wala faida. Nimewahi kununiana siku mbili na rafiki yangu kwa sababu ya mwimbaji gani kapanda juu zaidi. Upuuzi. Mtu yeyote anaweza kupanda juu. Niambie chini yake ameweka nini.

Jambo jingine linalonisaidia ni kuzipanga kava kwa ukoo wake badala ya umaarufu: nani alijifunza kwa nani. Kwa wimbo huu tuna bahati ya ajabu, kwa sababu kuna kosa moja la kusikia linalofanya kazi kama alama ya ukoo. Wenyewe walikuwa wakiimba "uyimbube", Kizulu cha "wewe ni simba". Sikio la Kiswahili halihangaiki sana hapo. Ile u ya mwanzo ni ndugu ya u yetu, nasi tungesema "u simba" na kuendelea na safari. Lakini santuri ilipovuka bahari na Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za asili, akaifikisha kwa Pete Seeger wa kikundi cha The Weavers huko Marekani, Seeger alijifunza kwa kusikiliza tu, bila mtu wa kumweleza maneno. Akasikia "wimoweh". Asiyejua maana haambiwi maana. Neno ambalo halipo katika lugha yoyote likaanza maisha yake.

Tangu hapo, ukisikia "wimoweh" katika kava yoyote, unajua imepita mikononi mwa Seeger, moja kwa moja au kwa kupokezana. The Weavers walivuma nayo mwaka 1952 pamoja na okestra ya Gordon Jenkins, tarumbeta zikishangilia kila kona. Mwaka huohuo Yma Sumac, mwimbaji wa Peru mwenye sauti ya kushuka na kupanda kama lifti, naye akaiimba. The Kingston Trio wakaja nayo mwaka 1959. Wote ni wajukuu wa kosa lile. Lakini sikiliza "Mbube" ya Miriam Makeba kwenye albamu yake ya mwaka 1960: hakuna wimoweh. Yeye hakuhitaji kupitia kwa Seeger. Alitoka nayo kwao, na aliijua kwa jina lake. Nilipoliweka toleo lake kando ya yale mengine nilisikia kwa mara ya kwanza kwamba neno likitamkwa sawasawa, mdundo nao unakaa tofauti. "Mbube" inaanza na midomo iliyofungwa, inapasuka. "Wimoweh" inateleza. Unaweza kubishana nami, lakini jaribu kwanza kuyatamka yote mawili kwa haraka mara 20.

Ukizipanga hivi utaona pia mahali ambapo kila mmoja alipogeuza njia. The Weavers hawakuwa na besi watatu, kwa hiyo mngurumo ule ukawa neno la kurudiarudia lililopanda juu kidogo. The Tokens, vijana wa Brooklyn, wakaichukua kutoka hapo mwaka 1961, na watunzi wao, George Weiss akiwa mmojawapo, wakafanya jambo lililobadilisha kila kitu: walizichukua zile noti chache za mwisho za Linda, zilizokuwa cheche ya kupita tu, wakaziwekea maneno ya Kiingereza na kuzifanya ubeti mzima. Kilichokuwa mwisho kikawa mwanzo. Wimbo ukashika nafasi ya kwanza Marekani mwezi Desemba mwaka huo.

Watu wa sikio kali hupenda kuidharau ile ya The Tokens. Nami niliidharau kwa takriban mwaka mmoja, nikijiona nimeelimika. Usifanye hivyo. Isikilize tena kwa mbinu ya kutoka chini na utakuta mambo. Kuna sauti ya juu kabisa ya mwanamke inayopita nyuma kama upepo. Huyo ni Anita Darian, mwimbaji aliyesomea opera, na anachokiimba si nakala ya mtu. Jay Siegel anayeongoza anatumia falseto, ile sauti nyembamba ya juu ya mwanamume, na ukimweka sambamba na Linda utaona kwamba miaka 22 na bahari nzima baadaye umbo la ule mlio bado lipo. Hakumwona Linda. Hakujua Kizulu. Umbo lilisafiri peke yake kwenye santuri. Hilo linanishangaza kuliko chati zote.

Kisha kuna yale matoleo ya katikati, ya Robert John mwaka 1972 na Tight Fit mwaka 1982, lililofika namba moja Uingereza. Yafaa kuchezea dansi. Ukishasikiliza moja umesikiliza yote, songa mbele.

Wafaransa ni habari nyingine. Henri Salvador aliimba kwa Kifaransa mwaka 1962, na sijui simba alimkosea nini, maana kwa Kiingereza amelala lakini kwa Kifaransa amekufa. Kwa Kizulu cha Linda ni simba tu, mzima, anaitwa kwa jina lake. Miaka 30 baadaye kikundi cha Pow Wow kilirudia maneno hayo ya Kifaransa, na hapo ndipo nilipoinuka kitini, kwa sababu wao wanaimba bila ala. Unapoondoa gitaa na ngoma, mtu lazima ashike kazi ya kubeba, na mtu huyo ni besi. Baada ya miongo ya kuzikwa chini ya okestra, besi akarejea katikati ya chumba, kwa mlango wa Paris! Vivyo hivyo, katika kipindi cha televisheni cha mwaka 1990 kilichowakusanya waimbaji wasiotumia ala, Ladysmith Black Mambazo, kikundi cha Afrika Kusini kilichoanzishwa na Joseph Shabalala, waliimba wimbo huu na kundi la wanawake la The Mint Juleps. Wale wa Joseph Shabalala wana besi wengi kuliko familia ya nyuki, lakini wanaimba kwa upole. Mtindo wao ni isicathamiya, mjukuu wa mbube, na jina lenyewe linatokana na kunyata. Mbube ya Linda ilinguruma. Watoto wake walijifunza kutembea kwa ncha za vidole.

Nikishauri mtu aanze na kava tatu tu, namwambia achukue ya Linda, ya Makeba, na hiyo ya Ladysmith na Juleps. Za Wamarekani hana haja ya kuzitafuta. Zitamtafuta zenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo mpenzi wa kava hawezi kulikwepa, nalo ni kusoma majina madogo chini ya jina la wimbo. Nilikuwa nayapuuza. Siku nilipoyasoma kwenye matoleo yangu 11 nilikuta watunzi wa kila aina, na Solomon Linda hayupo kwenye mengi. The Weavers walimwandika "Paul Campbell" kama mtunzi. Hakuna mtu wa jina hilo, lilikuwa jina la bandia la kikundi. Santuri ya Linda inasemekana kuuza nakala 100,000 hivi katika muongo wake wa kwanza. Yeye alikuwa ameachia haki zake kwa Gallo kwa shilingi 10, na kwa muda aliajiriwa na kampuni hiyohiyo kupakia santuri. Seeger alisema baadaye kwamba alimtumia dola 1,000 alipojua nani mwenye wimbo. Linda alifariki mwaka 1962, fukara, kabla hata mwaka haujaisha tangu wimbo wake ushike nafasi ya kwanza Marekani.

Mwisho wa kesi ya familia ya Linda unafaa kujulikana na kila anayeimba nyimbo za watu. Wakili Owen Dean aligundua kwamba sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika Afrika Kusini wakati ule, iliagiza haki zirudi kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufariki. Kwa Linda huo ni mwaka 1987. Filamu ya simba ya Disney ilitoka mwaka 1994 na wimbo ndani yake. Binti za Linda wakaishtaki Disney mwaka 2004, na mwaka 2006 wakafikia makubaliano yaliyowapa malipo ya nyuma na ya mbele. Sikuambii haya ili uache kuzisikiliza kava. Mimi sijaacha. Ila tukiimba mahali popote, anayetutambulisha hulitaja jina la Linda kwanza, na orodha yangu kwenye simu nimeiandika upya jina lake likiwa juu.

Tuje kwenye kuimba, kwa sababu usipoimba utabaki mtazamaji. Sisi tulirudi kwenye mazoezi wiki iliyofuata. Tulianza na besi peke yao, mizunguko mingi hadi tukachoka, sauti ndogo, bila kushindana. Mwalimu alikataza mtu yeyote wa juu kuingia mpaka besi watatu tusikike kama mtu mmoja mwenye kifua kikubwa. Hilo lilichukua karibu saa nzima, na mimi ndiye niliyekuwa nikiharibu, kwa sababu nilikuwa nashuka. Besi akishuka kidogo tu nyumba yote inashuka naye, na wa juu wanadhani kosa ni lao. Dawa niliyopewa ilikuwa rahisi: nisikandamize noti ya chini kwa koo, niifikirie kama iko mbele ya meno, na kila tukifika so niisikie kama inapanda ngazi hata kama kwenye daftari iko palepale. Ilifanya kazi. Sielewi kwa nini.

Kila mmoja arekodi sauti yake kwa simu, peke yake, akitembea. Usiirekodi ukiwa umekaa. Mwili ukiwa umekaa mdundo nao hukaa. Halafu usikilize sauti ya jirani yako zaidi ya yako, na jaribu kuiimba yako juu ya rekodi yake. Tulipeana hivyo wiki nzima. Kuhusu ile sauti ya juu ya Linda, tafadhali msimlazimishe mtu. Falseto ikikamuliwa inageuka kelele za mlango. Teremsheni ufunguo wa wimbo hadi mwimbaji wenu aifikie akiwa anatabasamu. Hakuna polisi wa ufunguo.

Tena, acheni nafasi. Kosa letu la pili lilikuwa kujaza kila upenyo kwa madoido tuliyookota kwenye kava 11, kidogo cha The Tokens, kidogo cha Wafaransa, tukawa na pilau la kila kiungo. Mwalimu alituuliza tunataka kukumbusha watu matoleo mengine au tunataka kuimba. Tukatoa karibu vyote. Tulibakiza besi, dada wa noti mbili, mwimbaji mmoja wa tena, na kijana wa juu ambaye tulimwambia asiimbe mstari ule maarufu mpaka mwisho kabisa, mara moja tu, kama alivyofanya mwenyewe mwaka 1939.

Siku tulipouimba mbele ya watu niliwaona wakisubiri. Walikuwa wameutambua mzunguko, wakaanza kutikisa vichwa, halafu wakaanza kutazamana: mbona ule wimbo hauji? Mzee mmoja mstari wa mbele alishaanza kuuimba mwenyewe kwa midomo, akashindwa kuvumilia. Nasi chini tunanguruma tu, do, fa, do, so.

Juzi rafiki yangu yuleyule tuliyenuniana aliniomba nimtumie "ile original". Nikamtumia ya Linda, nikamwandikia kwamba avae hedifoni na asisogeze mbele hata kwa sekunde moja. Baada ya dakika mbili hivi ujumbe ukaingia: "Mbona hauanzi?"

Nikamjibu: "Ngoja."